Sauti Kutoka Dawati la Nyuma

Jumatatu, 5 Julai 1993

Baridi na vumbi. Vipindi vitano kabla ya chakula cha mchana. Karanga zangu zimeisha mapumziko ya kwanza. Walimu wenzangu ndio wateja wakubwa, na ndio wagumu kulipa. Yule wa hesabu sasa anauza mitumba hapo hapo kwenye meza yake. Ofisi ya walimu imekuwa soko, na sisi sote tunajifanya hatuoni.

Kidato cha Nne wamefika kwenye makoloni ya Wafaransa. Kitabu kimewapa Wafaransa ukurasa mmoja na nusu. Visiwa vya Komoro vimepata mstari mmoja. Nimeusoma kwa sauti, wanafunzi wakaunakili, tukaendelea. Nimejisikia vibaya. Mtu wa huko huko, wa kisiwa cha Ngazija, anakaa meza ya tatu kutoka kwangu, na mimi nasoma mstari.

Mzee Mbae. Alistaafu, akaombwa arudi kufundisha Kifaransa kwa sababu hakuna mwingine. Miaka ya sitini alikuwa Dar na Wangazija waliokuwa wakidai uhuru wa visiwa vyao. Sauti yake ilikuwa ikitoka redioni na kuvuka bahari. Haya nimeyajua kwa mkewe. Yeye ukimwuliza, anakupa peremende na kukuuliza habari za watoto.

Leo sauti imemkauka tena. Somo zima ameliandika ubaoni.

Ijumaa, 9 Julai

Majibu ya hospitali ya Mzee Mbae yametoka. Nimekutana na Bi Hidaya, mkewe, sokoni Majengo. Amenishika mkono, akaniambia pale pale kwenye nyanya. Ni saratani ya koo. Watampasua Dar na kuondoa mahali sauti inapotokea. Atapona, wanasema. Hatasema tena.

Nimelia mbele ya mwuza nyanya. Yeye akanipa kiti na kuendelea kuuza.

Treni yao ni Jumatano ya tarehe 28. Nimekwisha amua. Kabla hajapanda treni hiyo atazungumza na Kidato cha Nne, na mimi nitamrekodi. Sauti ile haiwezi kuishia kwenye kunyambua vitenzi vya Kifaransa.

Jumatatu, 12 Julai

Amekataa.

Nilimwamkia vizuri, nikamweleza vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mwalimu Foibe, Kifaransa ni kazi yangu. Mambo ya nchi yana wenyewe."

Na yeye ni nani, mpangaji? Nimerudi nyumbani nimefura. Yona mume wangu kasema nimwache mgonjwa apumzike. Yona hutoa ushauri huo kwa kila jambo, hata paa likivuja.

Jioni nimepita kwa Bi Hidaya. Yeye ni mtu wa Kondoa, hapindi maneno. Kasema atamsemesha. Tumekaa uani chini ya mizabibu yao, tukapepeta mchele, tukamsikia ndani akikohoa.

Alhamisi, 15 Julai

Amekubali! Kwa sharti moja: yawe maongezi tu, na watoto tu.

Nimefurahi kupita kiasi. Lakini maongezi tu, kwa mtu kama huyu? Nimekwenda kwa Mkuu wa Shule, akasema atakuja mwenyewe. Nimeomba kiti kikubwa cha ofisini kwake, chenye mikono. Kitambaa cha meza kitatoka kwangu, kile cha harusi. Wasichana watatengeneza ua la kuweka mezani.

Tena nimepata wazo zuri kuliko yote. Mjini kuna Mngazija mmoja, Bwana Soidiki, ana duka la vitambaa vya Dubai. Si kijana, si mzee, ana miaka kama arobaini. Nimemwalika aje akae mbele na Mzee Mbae, ili mzee aone mtu wa kwao. Soidiki kauliza jina la mzee. Nilipolitaja akaniomba nilirudie, akasema atakuja.

Mzee Mbae sijamwambia. Nataka kuona uso wake.

Jumanne, 20 Julai

Nimeuona uso wake.

Sijui niandike vipi. Chumba kilijaa. Mkuu wa Shule na tai. Ua mezani. Mzee Mbae akaingia na kofia yake nyeupe, akaona kiti, akaona watu wazima wamepangwa mbele, akasita. Nikamshika mkono na kumkalisha. Nilimkalisha mimi, kwa mkono wangu.

Ndipo Soidiki akaingia. Kanzu, na shali begani lenye nakshi. Mzee Mbae akainuka. Nilidhani anamlaki mtu wa kwao. Akampisha kiti. Yeye, mtu wa miaka sabini, kampisha mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe! Soidiki akasimama, akainamisha kichwa, hakukaa wala hakukataa. Mzee akapita kati ya madawati hadi nyuma kabisa, akaketi karibu na dirisha, akaweka mikono magotini.

Mkuu wa Shule akamkaribisha azungumze. Akamkaribisha tena. Mzee akasema tu, "Samahani, Mkuu. Hapa siwezi."

Nikawafundisha mstari wa kitabu.

Jumatano, 21 Julai

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa na hasira na kila mtu. Na mzee kwa kunidhalilisha, na Soidiki kwa shali lake, na Mkuu wa Shule kwa kuniambia "siku nyingine panga vizuri". Mchana nikaenda kwa Bi Hidaya kulalamika. Nimerudi sina la kulalamikia.

Kanieleza. Kwao Ngazija mwanamume anaweza kuoa kama sisi, akazaa, akazeeka. Lakini ipo harusi nyingine, ile kubwa, ya kulisha mji mzima, ng'ombe, dhahabu, ngoma siku baada ya siku. Asiyeifanya hahesabiwi mtu mzima, hata mvi zikimjaa. Kwenye uwanja wa mji anakaa nyuma na vijana. Mambo ya nchi hayasemi. Aliyeifanya huvaa shali lile, hukaa mbele, na ambaye hajaifanya humpisha, hata akiwa mkubwa kwa umri.

Wajomba wa Mzee Mbae walikuwa wamekwisha mwandalia ya kwake. Mchumba alikuwa tayari, nyumba tayari. Yeye akapanda chombo kuja Dar kudai uhuru. Mchumba alingoja, kisha akaolewa na mwingine.

"Mimi alinioa kwa chai na mashahidi wawili," kasema Bi Hidaya, na akacheka. "Harusi kubwa yake ilikuwa ile redio."

Basi mtu huyu alisema na visiwa vizima, na uwanjani kwao hana ruhusa ya kufungua mdomo. Na mimi nimekwenda kumtafutia, katika Dodoma nzima, mtu mmoja pekee ambaye mbele yake lazima anyamaze. Nikamwekea na ua.

Nimemwomba radhi. Alikuwa anafunga matawi ya mzabibu kwa kamba. Kasema kwa sauti ya mkwaruzo kwamba ua lilikuwa zuri.

Alhamisi, 22 Julai

Dukani kwa Soidiki. Nilikwenda na maneno makali mfukoni. Sikuyatoa.

Alikuwa anakata kitambaa. Akaweka mkasi chini kabla sijasema. Kasema alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akifunga madirisha, anakaa karibu na redio, na wao watoto wanakatazwa hata kutafuna. Sauti ya Mbae. Walikuwa wakiijua kuliko sauti za baba zao. Alipolisikia jina lake kinywani mwangu ile wiki iliyopita, hakuamini kwamba mtu yule anaishi mtaa wa tatu kutoka dukani kwake, na anafundisha watoto kuhesabu kwa Kifaransa.

Nikamwuliza, kwa nini basi hukumwambia aketi? Soidiki akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kasema kama angekataa kiti, angemwaibisha mzee mara mbili, kwa sababu angekuwa anamhurumia mbele ya watu. Nimeifikiria njia nzima. Bado sijui kama nakubali. Lakini nimeelewa kwamba alitoka jasho pale mbele kama mimi.

Nimemwambia kuhusu koo. Hakuwa anajua. Aligeuka akapanga majora ya kitambaa ambayo yalikuwa yamekwisha pangwa.

Ijumaa, 23 Julai

Nimewaza siku nzima. Redioni hakuna mbele wala nyuma. Haonekani aliyekaa wapi. Ndiyo maana aliweza.

Baada ya vipindi nimemfuata. Nimesema: Mzee, Jumatatu hakutakuwa na mkuu, wala kiti, wala ua. Wewe utaketi dawati la nyuma. Watoto watatazama ubao. Hakuna atakayegeuka. Mimi pia nitaketi dawatini. Mbele kutakuwa kutupu.

Akauliza, "Na yule wa vitambaa?"

Nikasema hatakuwemo chumbani.

Akatoa peremende mfukoni, akanipa. Kwa Mzee Mbae hiyo inaweza kuwa ndiyo au hapana. Nikabaki nimesimama kama mjinga. Kisha akasema, "Leta na betri. Umeme wenu huu siuamini."

Jumapili, 25 Julai

Redio kaseti ni ya kwetu. Betri mpya. Kaseti tupu mjini ni ghali, na zile za bei rahisi hukwama. Nimechukua kaseti ya kwaya yetu, nimeziba vile vitobo vya juu vinavyozuia kurekodi kwa karatasi iliyotafunwa, nimejaribu. Inarekodi. Sauti za soprano zimefutika, pamoja na yangu. Mungu atanielewa. Mwenyekiti wa kwaya sina hakika.

Jumatatu, 26 Julai

Niandike yote kabla hayajachanganyika.

Madawati yanatazama ubao mtupu. Nimewaambia Kidato cha Nne: atakayegeuka, nje. Mzee Mbae kaingia kwa mlango wa nyuma, kaketi karibu na dirisha, redio kaseti mbele yake. Mimi safu ya pili, magoti yamebanwa na dawati. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Anajua kazi hiyo. Akahesabu pumzi, akaanza, na sauti ile iliyokwaruzika ikawa na mwendo mwingine kabisa.

Alianza na maua. Mlangilangi, ua la manjano, manukato yake hupelekwa Ufaransa. Kampuni ya Wafaransa ilishika miteremko ya mlima yenye udongo. Vijiji vikabaki na mawe meusi ya volkano karibu na pwani. Mama yake alikuwa akiamka gizani kuchuma, kwa sababu jua likishapanda, harufu inapungua na msimamizi anafoka. Akirudi, anaosha mikono kwa ndimu kabla ya kupika, la sivyo wali wote unanuka manukato. Watoto walilia, hawataki kula. Chupa yenyewe ya manukato mama hakuwahi kuiona.

Akasema Wafaransa hawakuvunja mlango. Walikuta masultani wanagombana, wakaingia kusuluhisha, hawakutoka. Baadaye visiwa vyote vikawekwa chini ya Madagaska. "Tulikuwa koloni la koloni," kasema. Ukitaka haki yako, unangoja meli. Ukitaka shule ya juu, unapanda meli. Yeye alipanda. Huko akakuta kitabu kinachomfundisha mito ya Ufaransa, akaijua yote, na hadi leo anaweza kuitaja. Kwao hakuna mto hata mmoja, maji yote hunywewa na mawe.

Watoto walikuwa wameganda. Neema, anayelala kila kipindi changu, alikuwa anaandika.

Akaja Dar. Chumba kidogo, kipaza sauti, glasi ya maji. Siku ya kwanza alisahau salamu za lugha yake mwenyewe. Mama yake alipata redio kwa baharia. Wakati wa kipindi akawa anaifunika kwa leso, sauti isitoke nje. Polisi walikuwepo, ndiyo. Lakini zaidi alikuwa anaona haya, kwa sababu mwanawe anasema mambo ya nchi mbele ya wanaume wenye haki ya kusema. Wakubwa wa mji walimwita mama, wakamkemea. Wakasema shughuli zake, iwe harusi au msiba, hawatakuja. Akarudi nyumbani, akafunika redio, akasikiliza.

Kisha akamtuma baharia kwa mwanawe. Mzee alisubiri ujumbe wa kumwambia anyamaze. Baharia akasema: mama yako anasema useme taratibu, redio ina mikwaruzo.

Hapo nililia tena. Mwaka huu naona ni wa kulia.

Halafu akawachekesha. Kisiwa cha Maore hakikutaka kwenda na wenzake kwenye uhuru. Makao ya serikali yalikuwa kwao, yakahamishiwa Ngazija, wakachukia. Wanawake wa kule wakaja na silaha yao. Waziri akitua kutoka kisiwa kingine, wanamzunguka na kumtekenya. Kwapani, mbavuni, mpaka akimbilie botini na heshima zake zimebaki mchangani. Darasa lilikufa kwa kicheko, na hakuna aliyegeuka.

Alingoja wanyamaze. Kasema, "Na sisi redioni tulicheka hivyo hivyo. Hatukuwauliza wanalilia nini. Siku ya kura visiwa vitatu vilisema uhuru. Kile kimoja kiko na Mfaransa hadi leo. Wale mama niliowacheka walijua kupigana kuliko mimi."

Sikuwahi kusikia mtu wa siasa akisema hivyo kuhusu waliomshinda. Sasa hivi tuna vyama vipya kila kona ya mji, na kila mmoja anajua yote. Ningewaleta wote wakae hapa watazame ubao.

Neema akanyoosha mkono, uso mbele. Akauliza kama Mwalimu aliwahi kurudi kwao.

Redio ikasikika ikizunguka. Kisha: "Nilirudi mara moja. Kumzika mama. Nchi ilikuwa huru. Niliketi nyuma."

Akabonyeza kitufe.

Nilitoka kupata hewa. Nje ya dirisha lile la nyuma, chini, mgongo ukutani, alikuwa ameketi Soidiki. Bila shali. Kanzu imejaa vumbi. Nilisema hatakuwemo chumbani, na kweli hakuwemo.

Jumanne, 27 Julai

Soidiki amekwenda kwa mzee jioni, nami nilikuwepo. Mwisho wa mwezi ujao anasafiri kwenda Ngazija. Anaomba nakala ya kaseti. Anataka kuipiga uwanjani, mji usikie.

Mzee Mbae katikisa kichwa. "Sauti yangu haina shali, Soidiki."

Soidiki akasema taratibu kwamba wakubwa wale waliomkemea mama wamekwisha kufa. Mzee akasema uwanja haujafa. Bi Hidaya akaondoa vikombe kwa kishindo, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilitaka kupiga kelele. Nimeuma ulimi. Haki yake kukataa, na mimi nimekwisha mkalisha kwa nguvu mara moja.

Jumatano, 28 Julai

Stesheni. Upepo wa kukata masikio. Kidato cha Nne walitoroka shule kuja kumuaga, na mimi mwalimu wao nilikuwa nao. Aliwaambia kitu kwa Kifaransa, wakajibu kwa pamoja. Sikukielewa. Kwangu alisema, "Asante kwa dawati." Ndiyo maneno yake ya mwisho nitakayoyasikia.

Jumapili, 15 Agosti

Jana simu ya Bi Hidaya kupitia posta. Upasuaji umekwenda vizuri. Anakula uji. Ana kitobo shingoni cha kupumulia. Amekasirika sana, kasema Bi Hidaya, na hana pa kuitoa hasira.

Kanisani leo nimeimba vibaya. Mwenyekiti wa kwaya kauliza kaseti iko wapi. Nimemwambia iko kwenye huduma.

Jumapili, 29 Agosti

Wamerudi juzi. Leo mchana nimekwenda na redio kaseti, bila kujua kama ni jambo jema au ukatili. Soidiki alikuwa amekwisha fika, anaondoka kesho, kaja kuaga tu. Hakuuliza chochote kuhusu kaseti.

Mzee amekonda. Leso nyeupe shingoni. Nilimwamkia, akainua mkono badala ya marahaba. Akaona nilichobeba, akaonyesha meza.

Nikaiweka, nikabonyeza. Bi Hidaya akapunguza sauti, kwa heshima ya mgonjwa, na kwa sababu majirani wako karibu. Tukasikiliza tumeinamisha vichwa. Maua. Ndimu. Meli. Ilipofika mahali pa baharia, "useme taratibu", Mzee Mbae alicheka. Mabega yalitikisika, hakuna kilichosikika ila hewa shingoni.

Akainuka. Akaenda kwenye redio, akazungusha kile kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kisha akafungua dirisha la mtaani, mabawa yote mawili. Watu wakapita, wakasimama. Mwuza maji akaegesha baiskeli. Mzee alisimama pale dirishani, akionekana na wote, mpaka kaseti ikagota.

Akaitoa. Akaifuta kwa pindo la kanzu, ingawa haikuwa na vumbi, akamnyooshea Soidiki. Soidiki alikuwa amekaa. Aliinuka kuipokea, kwa mikono miwili, na hakukaa tena hadi mzee alipokaa.

Bi Hidaya akaleta zabibu, za kwanza za msimu huu. Bado kali kidogo. Tumezila zote.